PlayStation Stars imefungwa: maswali tunayoulizwa bandani na majibu yake

Tangu Mei 2025 haipiti wiki bila mtu kuingia hapa kwenye banda letu la gemu Mwananyamala, Dar, akatoa simu mfukoni na kuuliza, "Kaka, pointi zangu za PlayStation zimeenda wapi?" Wengine hatujawahi hata kuonana. Wanapiga kutoka Mbagala, wanapiga kutoka Kigamboni, wameelekezwa na washkaji. Nimeona bora niyaandike majibu mahali pamoja, maana kuna watu wana pointi ambazo wasipozitumia mapema zitawafia mikononi. Sisi si mawakala wa Sony, kampuni yenye PlayStation. Tunachezesha gemu kwa saa, tuna TV nne na padi nane, na mpango huu tuliufuatilia tangu unaanza.

PlayStation Stars ilikuwa kitu gani?

Ulikuwa mpango wa Sony wa kuwapa shukrani wateja wanaocheza PlayStation. Ulitangazwa Julai 2022. Asia waliufungua 29 Septemba mwaka huohuo, Amerika 5 Oktoba, Ulaya na Australia 13 Oktoba. Kujiunga ilikuwa bure. Ukishajiunga unapewa kazi ndogondogo zilizoitwa kampeni: moja inataka ucheze gemu yoyote ile ndani ya mwezi, nyingine inataka upate trofi fulani, yaani tuzo ya ndani ya gemu, kwenye gemu fulani. Ukiikamilisha unapata pointi, au sanamu ya kidijitali ya kuweka kwenye kabati lako ndani ya programu ya PlayStation ya kwenye simu. Aliyekuwa analipia PlayStation Plus alipata pointi pia kila aliponunua kitu kwenye PSN, mtandao wa PlayStation wenye duka lake. Ngazi za wanachama zilikuwa nne.

Kwa ambaye hakuwahi kuutumia, afikirie pointi za mitandao ya simu. Unaweka salio, unanunua bando, pointi zinajikusanya kimyakimya, siku ukizikumbuka unazibadilisha kuwa dakika. Tofauti ni kwamba huku ulikuwa unapata kitu hata kwa kucheza tu, na hilo ndilo lililowavuta vijana wetu. Mtu asiye na uwezo wa kununua gemu mpya ya dola 70 alikusanya kidogokidogo kwa kuicheza ileile aliyonayo.

Imefungwa lini hasa? Kila mtu anataja tarehe yake.

Kwa sababu haikufungwa siku moja. Tarehe ni tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza watu.

Tarehe 21 Mei 2025 Sony walitangaza kwamba wanafunga, na siku hiyohiyo wakaacha kupokea wanachama wapya. Tarehe 23 Julai 2025 ikawa mwisho wa kupata pointi na sanamu, na ngazi zikaganda pale zilipofikia. Tangu hapo ucheze usiku kucha, hakuna kinachoongezeka. Ya tatu ndiyo ya kuandika ukutani: 2 Novemba 2026, mwisho wa kutumia pointi ulizobakiwa nazo.

Kwa hiyo nina hadi Novemba 2026, sina haraka?

Haraka unayo. Pointi zenyewe zina umri wake, na zilizo za zamani zinaweza kuisha muda kabla ya Novemba. Fungua programu ya PlayStation kwenye simu, ingia sehemu ya Stars, utazame salio na tarehe za kuisha. Usimwulize mtu, usikisie. Zitazame wewe mwenyewe, na uzitazame leo kama bando lipo.

Na hata zikiwa hazijaisha, sioni sababu ya kungoja siku ya mwisho. Tarehe hizo zinafuata saa za huko kwao, sisi huku tunategemea Luku na mtandao. Siku ya mwisho umeme unaweza kukatika, au simu ikagoma kufungua, na hapo hakuna wa kumlilia.

Pointi zangu zina thamani gani?

Kwa akaunti za Marekani, ambazo ndizo nyingi ninazoletewa, pointi 1,250 unazibadilisha kwa dola 5 za kwenye pochi ya PSN, na pointi 5,000 kwa dola 20. Piga hesabu: zote mbili ni pointi 250 kwa dola moja. Hakuna nyongeza unayopewa kwa kungoja hadi zifike 5,000. Nawaona watu wengi wamekaa na pointi elfu mbili, elfu tatu, wakisubiri zifike tano ndipo wachukue "ile kubwa", ilhali hazitafika tena kwa sababu tangu Julai 2025 haziongezeki.

Kijana mmoja fundi gereji wa hapa jirani alikuja na pointi 3,100. Mikono ina grisi, simu ameishika kwa ncha za vidole. Tukakaa naye kwenye benchi la nje, akabonyeza mara ya kwanza, 1,250 zikatoka, dola 5 zikaingia. Akabonyeza tena, dola 5 nyingine. Zikabaki pointi 600 ambazo hazifikii dola 5 ya tatu. Alizitazama kwa muda, akaniuliza kama hakuna namna ya kupata 650 za kujazia. Hakuna. Lakini dola 10 alizipata, na jioni ileile alinunua gemu iliyokuwa kwenye punguzo, akaja kutuonyesha. Kwa bei zetu za zamani za mechi, dola 10 ni zaidi ya mechi arobaini. Si hela ya kuiacha ipotee.

Akaunti za nchi nyingine zina orodha zao za zawadi na fedha zao, kwa hiyo angalia kilichoandikwa kwenye yako. Na zile zinazobaki zikiwa pungufu, tazama kama kuna zawadi ndogo inayotosha. Ikiwepo, ichukue.

Nilijitoa kwenye mpango nikidhani watanilipa zote kwa mkupuo. Naweza kurudi?

Huwezi, na nasikitika kila ninapolijibu swali hili. Mlango wa kuingilia ulifungwa 21 Mei 2025 kwa kila mtu, hata kwa aliyekuwa ndani akatoka. Dogo mmoja wa sekondari alibonyeza kitufe cha kujitoa mbele yangu kabla sijamaliza kusema "ngoja". Alidhani kujitoa ni kama kuvunja kibubu. Tafadhali, kama hujazitumia pointi zako, kitufe hicho usikiguse.

Mbona akaunti yangu haikuwahi kuwa na Stars kabisa?

Hapa inabidi tuzungumze habari ya nchi. Ukifungua akaunti ya PSN unaulizwa uko nchi gani, na kwenye orodha hiyo Tanzania haipo. Kwa hiyo sisi wote, kuanzia Tandika hadi Tegeta, tumefungua akaunti kwa nchi ya watu: Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, wengine Falme za Kiarabu kwa sababu console, yaani mashine yenyewe, ilinunuliwa Dubai. Stars ilifuata nchi ya akaunti na wala haikujali umekaa wapi. Kama nchi uliyochagua haikuwamo kwenye mpango, au umri ulioandika ulikuwa wa mtoto, hukuiona. Nchi ya akaunti ukishaichagua haibadilishwi.

Watu wanalichukulia jambo hili kama dogo, nami nasema si dogo. Mei 2024, Sony walipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PSN, gemu hiyo iliondolewa kuuzwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwenye nchi zaidi ya 170 ambako PSN haipo rasmi, na bara letu karibu lote lilikuwa humo. Sharti lile la kuwataka watu wafungue akaunti walilifuta baada ya wachezaji kupiga kelele dunia nzima, ila sisi tulijua siku ile tumesimama wapi. Tunanunua console kwa bei ya soko la Kariakoo, tunanunua vocha, tunacheza kila siku, na bado kwenye orodha ya nchi hatumo. Mpango ukifungwa, taarifa inakuja kwa lugha na kwa barua pepe ya nchi tuliyoazima, na wengi barua pepe hizo walizifungua siku moja tu ya kutengeneza akaunti. Ndiyo maana watu wanakuja kuuliza bandani miezi mingi baada ya mlango kufungwa.

Nitumie VPN ili nionekane niko Marekani?

Hapana. Kutumia pointi hakuhitaji VPN, akaunti ikishakuwa ya Marekani ni ya Marekani hata ukiwa Manzese. Na kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Usijiingize kwenye usumbufu kwa kitu usichokihitaji.

Nilinunua akaunti Kariakoo, ilikuwa na pointi ndani. Ni zangu?

Kwa masharti ya Sony, akaunti haiuzwi wala haihamishwi. Aliyeifungua ndiye mwenyewe machoni pao, kwa sababu ana barua pepe ya mwanzo na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Akiamua kubadilisha neno la siri kesho, ataondoka na pointi, gemu, na kila ulichonunua juu yake. Nimeyaona haya si mara moja. Ukiwa umeshanunua, na pointi zipo, kuzitumia kutakupa kitu leo, lakini usiendelee kuweka hela kwenye pochi ya akaunti ambayo ufunguo wake mmoja uko kwa mtu mwingine. Fungua ya kwako. Inachukua dakika kumi, na tukiwa na nafasi tunakusaidia bila malipo.

Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza pointi za Stars. Ni kweli?

Ni tapeli. Pointi hazihamishwi kutoka akaunti moja kwenda nyingine, hazijawahi kuhamishwa. Hii ni dada yake na ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Wengine wamekuwa wajanja zaidi: wanajifanya huduma kwa wateja wa PlayStation, wanasema pointi zako zitafutwa usiku wa leo, uwatumie namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako "ili waziokoe". Ukiituma tu, akaunti imekwenda. Namba ile usimpe mtu yeyote, hata mimi. Nikikusaidia hapa bandani, unaiandika wewe mwenyewe huku nimegeuka pembeni.

Dola nilizopata kwenye pochi naweza kuzitoa kwa simu?

Hapana. Zikiingia kwenye pochi ya PSN zinatumika dukani humo tu, na kwa nchi ya akaunti hiyo tu.

Na hapohapo niseme kuhusu vocha, kwa sababu anayebakiza dola 10 mara nyingi anataka kuongezea. Vocha ya PSN lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Mimi mwenyewe niliwahi kununua vocha kwenye duka moja, nikamwambia muuzaji wazi kwamba akaunti ni ya Marekani, akaniambia "hii inaingia kote". Nikakwangua pale kaunta, nikaandika herufi zote kumi na mbili, ikakataa. Nikarudia, nikidhani nimekosea kati ya sifuri na O. Ikakataa. Vocha ilikuwa ya Uingereza, na kwa kuwa ilishakwanguliwa hawakuipokea tena. Hela ile ilikuwa ya kulipia PlayStation Plus ya banda. Kwa hiyo soma nchi iliyoandikwa kwenye vocha kabla hujatoa hela, na udai risiti ya EFD.

Sanamu za kidijitali nilizokusanya nizifanyeje?

Zitazame, wala hakuna haja ya kuziuza maana haziuziki. Wakati mpango unaanza wengi walidhani ni zile NFT, vitu vya kidijitali vya kununua na kuuza, zilizokuwa zinavuma mwaka 2022, mtu akadhani atapata dola elfu. Sony wenyewe walikana tangu Julai ile: si NFT, hazina soko, huwezi kumpa mwenzako.

Lakini sitaki kuzidharau. Kuna kijana anaitunza sehemu yake ya sanamu kama watu wanavyotunza kabati la vyombo vya sebuleni. Simu yake kioo kimepasuka kuanzia kona ya juu hadi katikati, na humo ndani ana PocketStation, kile kikadi cha kuhifadhia gemu chenye kioo kidogo ambacho Sony walikiuza Japani mwaka 1999. Anakizungusha kwa kidole gumba, kinageuka, anaonyesha vitufe vyake vidogo upande wa mbele. Amezaliwa miaka kadhaa baada ya kifaa hicho kupotea sokoni, na bila Stars asingejua kama kiliwahi kuwepo. Alipopata habari za kufungwa, hakuuliza habari za dola. Aliuliza kama kabati lake litabaki. Nilimshauri apige picha za skrini, moja baada ya nyingine, na akazipiga. Nawe fanya hivyo, haigharimu kitu.

Trofi zangu nazo zinafutwa? Na PlayStation Plus?

Hapana. Trofi zilianza mwaka 2008 kwenye PS3, zina mfumo wake na zinaendelea. PlayStation Plus ni huduma ya kulipia, haihusiani na kufungwa huku. Gemu ulizonunua kwa dola za pointi pia hazichukuliwi.

Kwa nini wamefunga?

Maelezo yao yalikuwa mafupi: kwamba kwa muda wote huo wamejifunza ni shughuli zipi wachezaji wanazipenda, na sasa wanaelekeza nguvu huko. Zaidi ya hapo hawakusema.

Ninachoweza kukupa ni mfano wa jirani yao. Nintendo, kampuni nyingine ya gemu, walikuwa na mpango wa pointi ulioitwa Club Nintendo. Kwa Japani ilianza 2003, Amerika Kaskazini 2008. Kwenye boksi la gemu ulikuta namba ya siri, ukaisajili, ukapata pointi, na zawadi zilikuwa vitu vya kushika mkononi: karata, mabango, vifaa vya kuchezea. Januari 2015 wakatangaza kufunga. Amerika Kaskazini waliacha kutoa pointi mwisho wa Machi 2015, na kuzitumia kukaisha 30 Juni. Machi 2016 wakaleta My Nintendo, yenye pointi za dhahabu: ukinunua gemu dukani kwao mtandaoni unarudishiwa asilimia 5. Nazo wakaacha kuzitoa Machi 2025, miezi miwili tu kabla ya Sony kutangaza yao.

Kufungwa kwa mipango hii si ajabu basi. Kampuni inapotaka wateja wazoee jambo jipya, kama kununua gemu mtandaoni badala ya diski, inawapa pointi. Wakishazoea, pointi zinaonekana gharama. Sony walau walitoa muda mrefu: kutoka Mei 2025 hadi Novemba 2026 ni miezi zaidi ya kumi na saba, wakati Club Nintendo ya Amerika ilitoa kama mitano. Hilo nawapa haki yao.

Naweza kudai fidia?

Kwa Sony, kwa pointi, sikupi moyo. Uliporidhia kujiunga ulibonyeza kukubali vigezo na masharti, na humo pointi hazihesabiwi kuwa fedha, tena mwenye mpango amejiwekea haki ya kuufunga. Ndivyo zilivyo karibu pointi zote unazozijua, hata za hapa nchini.

Ila kama duka la hapa Dar lilikuuzia vocha feki, au mtu alikuuzia "pointi", hilo ni jambo jingine kabisa. Tunza risiti, tunza meseji za muamala, tunza picha. Utapeli peleka polisi, piga na huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu haraka kabla hela haijatolewa. Kwa bidhaa feki kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake.

Kuna mpango mwingine unakuja badala yake?

Hakuna uliofunguliwa wakati huu ukifungwa. Ukiona mtu anakuandikisha "Stars mpya" kwa elfu tano, rudi kwenye jibu langu la matapeli.

Na kadi za mihuri za hapa bandani, nazo zimekufa?

Kwa wasiojua, tulianza kutoa kadi hizo baada ya kuona vijana wanavyofurahia Stars. Kadi ya kijani, miraba kumi, kila mechi unagongewa muhuri, ukijaza mechi ya kumi na moja ni bure. Tuliacha kutoa kadi mpya mwaka jana tulipobadilisha utaratibu na kuanza kuchaji kwa saa. Kadi za zamani bado tunazipokea, na hatujaweka tarehe ya mwisho. Iliyojaa ni nusu saa bure. Isiyojaa, tutahesabu mihuri iliyopo na kukukatia kwenye saa yako. Kama wino umefutika kwa jasho la mfukoni, njoo nayo hivyohivyo: daftari la kaunta lina majina ya wote waliopewa, na kila muhuri tuliuandika tarehe yake.